Taa ambayo mwenye gari haioni

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia vitu vitatu vinavyotajika: nyumba ya Ngamiani mjini Tanga, ekari chache za michungwa huko Muheza, na gari aina ya Land Rover la mwaka 1969, lile refu lililo wazi nyuma. Nyumba tunaishi, michungwa tunavuna, na gari ndilo linaloviunganisha viwili hivyo. Mirathi ilipogawiwa, sisi ndugu wanne, wa kiume watatu na dada yetu mmoja, tulikubaliana na mama kwamba gari lisiuzwe. Libaki kazini, na kipato chake kimtunze yeye.

Gari lililopita miaka 50 huwa na heshima yake mtaani. Wazee waliompanda baba mgongoni kwa maana ya kupanda gari lake, wakipelekwa mazikoni na harusini, hulisimamisha ili kulisalimu, kana kwamba mwenyewe bado yumo ndani. Sisi nasi tuliingiwa na fahari. Mwaka uliopita, siku chache kabla ya Idi, tuliamua kulipaka rangi upya. Tulifungua taa za nyuma, tukapiga msasa bodi nzima, tukakodi mashine ya kupulizia rangi, tukalipaka kijani ileile aliyoipenda baba. Rangi ilipokauka tulizirudisha taa mahali pake kwa skrubu mpya zinazong'aa. Tukakanyaga breki, taa zikawaka. Tukapigana picha, tukaenda kuswali Idi nalo, na watu wakatupa hongera.

Tunayaeleza haya ili msomaji ajue kwamba yaliyofuata hayakuletwa na uchakavu peke yake, wala hayakuletwa na mtu wa mbali.

Miezi miwili baada ya Idi, mtu mmoja kwenye kituo cha mafuta alitwambia kwamba taa zetu za breki hazionekani vizuri. Tulimshukuru, tukasema inshaallah tutaziangalia. Wiki iliyofuata dereva wa daladala alitwambia yaleyale, tena kwa hasira kidogo. Tukasema inshaallah. Tulilichukua neno tukufu tukalifanya jina la kesho isiyofika. Gari lilikuwa linawaka, linakwenda, linasimama. Machungwa yalikuwa yanafika sokoni. Taa ya breki, ndugu msomaji, ina tabia yake: mwenye gari haioni. Taa za mbele zikizimika usiku, yeye ndiye wa kwanza kusumbuka. Taa ya breki ikizimika, yeye hapungukiwi na kitu. Anayepungukiwa ni aliye nyuma.

Siku ya tukio tulikuwa tunatoka Muheza, sisi ndugu wawili mbele, nyuma tumepakia machungwa. Ilikuwa baada ya alasiri. Anayekwenda Tanga saa hizo huwa amelipa jua mgongo, na jua hilo la magharibi hupiga moja kwa moja kwenye vioo vyekundu vya taa za nyuma. Tulipokaribia Pongwe, mbuzi walikatiza barabara. Tulikanyaga breki, si kwa kushtukiza, bali kama mtu anavyosimama akiwa na nafasi. Kisha tukasikia kishindo nyuma.

Alikuwa kijana wa bodaboda. Hakuwa amepakia abiria, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Pikipiki ilikuwa imejikunja gurudumu la mbele, na kijana amekaa pembezoni mwa lami ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, uso umemsawijika. Watu walijaa. Kabla hatujamfikia, wenye kusema walikwishasema: vijana hawa wa bodaboda ni mbio tu, hawaangalii mbele. Nasi, Mungu atusamehe, tuliyapokea maneno yale kama mtu anayepokewa mzigo. Tuliitikia kwa vichwa. Mmoja wetu hata alisema kwa sauti, "Kweli alikuwa mbio."

Kijana akainua uso akatutazama. "Samahanini, wazee wangu," alisema, "sikuona mkisimama."

Tulimpeleka hospitali ndani ya gari lilelile. Mfupa wa karibu na kiganja ulikuwa umevunjika. Akafungwa plasta, akaambiwa wiki 6. Njia nzima aliendelea kutuomba radhi. Pikipiki haikuwa yake. Kila jioni alipaswa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani kwao.

Usiku ule tulimsimulia mama. Tulisimulia vizuri, kwa mpangilio, kama watu waliokwisha kuizoea hadithi yao: mbuzi, breki, kijana, mbio. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, uradi mkononi, kisha akauliza swali moja.

"Wanangu, huyo kijana amesema hakuona mkisimama. Nani katika ninyi amekwenda nyuma ya gari akatazama kama kuna cha kuona?"

Hakuna aliyejibu. Tulitoka nje kwa tochi. Mmoja akaingia ndani ya gari, akafungua swichi, akakanyaga breki. Wengine tukasimama nyuma. Katika giza la ua zilionekana alama mbili nyekundu zilizofifia, kama makaa yanayokaribia kuwa majivu. Ukikanyaga pole, hakikuonekana chochote. Tukawasha na taa ndogo za usiku, kisha tukakanyaga breki tena. Badala ya mwanga kuongezeka, ukapungua. Tulisimama pale kwa muda. Mchana, jua likizipiga taa zile kwa nyuma, hakuna jicho la binadamu ambalo lingeona kitu.

Asubuhi tulilipeleka gari kwa fundi mmoja aliye jirani. Alibadilisha balbu zote mbili. Mwanga ukabaki uleule. Akabadilisha fyuzi. Uleule. Akasema nyaya za magari ya zamani zimechoka, na kwamba dawa yake ni kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye taa, bila kupitia fyuzi, "ili umeme uje na nguvu." Tulikuwa karibu kukubali. Aliyekataa ni dada yetu, ambaye ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Alisema waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa chuma hautazima taa tu, utawasha gari zima. Akalipia balbu, akatuamuru turudi nyumbani.

Jioni tulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa baba, fundi umeme wa magari aliyestaafu. Alikuwa na mita ndogo ya kupimia umeme, taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu na nyaya mbili, na kipande cha msasa. Tulipomwamkia na kumweleza, hakufungua chochote. Aliuliza kwanza: tatizo lilianza lini? Taa zote mbili au moja? Zimezimika au zimefifia? Zinabadilika ukiwasha taa nyingine? Alisema fundi asiyeuliza atabadilisha gari zima kabla hajaigusa hitilafu yenyewe.

Kisha akatueleza njia ya umeme, nasi tunaieleza hapa kwa sababu katika magari mengi ya zamani habari ni hiyohiyo. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya kuwashia gari, unakwenda kwenye fyuzi. Kutoka kwenye fyuzi unakwenda kwenye swichi ya breki. Ukikanyaga pedeli, swichi inaunganisha, na umeme unakimbia nyuma mpaka kwenye balbu. Katika magari ya Kiingereza ya enzi hizo, rangi za nyaya zina maana: wa kijani mtupu ni wa kupeleka umeme kwenye swichi, wa kijani wenye mstari wa zambarau ndio wa taa za breki, mwekundu ni wa taa ndogo, mweusi ni wa kurudi. "Mafundi wengi," alisema, "huufuata umeme unapokwenda, wakasahau kuuliza unarudije. Umeme hauendi pasipo na njia ya kurudi." Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi huiita ethi. Badala ya kila taa kuwa na waya wake wa kurudi mpaka kwenye betri, bodi na chesisi ya gari hufanya kazi hiyo.

Alianza na kilicho rahisi. Alitoa balbu, akatuonyesha nyuzi mbili ndani yake: ile nyembamba ya wati 5 kwa taa ndogo, na ile yenye nguvu ya wati 21 kwa breki. Pini mbili za pembeni haziko usawa mmoja, ili balbu isiingie kinyume. Lakini holda ikichakaa mtu anaweza kuilazimisha, na hapo breki hupewa uzi ule mdogo. Za kwetu zilikuwa sawa. Akatazama fyuzi ya kioo, akasugua vishikio vyake kwa msasa. Sawa. Akatuonya tusiiache swichi ya gari la petroli la zamani wazi kwa muda mrefu ilhali injini haijawashwa, maana koili hupata moto bure; tufungue, tupime, tufunge.

Kisha akatutaka tukanyage breki pole, halafu kwa nguvu. Kwa pole, hakuna mwanga kabisa. Kwa nguvu, mwanga ule hafifu. Akatabasamu, akasema tuna wagonjwa wawili, wala si mmoja, tusije tukamtibu wa kwanza tukadhani wa pili naye amepona.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa swichi ya breki yenyewe. Katika magari mengi ya sasa swichi hiyo iko juu ya pedeli, na mguu ndio unaoiachia. Katika gari letu imekazwa kwenye kiungo cha njia za mafuta ya breki, chini kwenye chesisi, na msukumo wa mafuta ndio unaoifunga. Ikizeeka hutaka msukumo mkubwa zaidi kabla ya kuitika. Mzee aliziunganisha nyaya zake mbili kwa kipande kifupi cha waya, bila mtu kukanyaga chochote, na taa zikawaka, hafifu kama kawaida yake. Maana yake umeme ulikuwa unafika mpaka pale na kupita. Swichi ndiyo iliyokuwa nzito. Alituambia tukinunua nyingine na kuifunga, lazima mafuta ya breki yaongezwe na hewa itolewe kwenye mabomba, la sivyo tutapata taa nzuri na breki mbaya.

Mgonjwa wa pili aligunduliwa na mtoto. Binti wa dada yetu, mwenye miaka 7, alikuwa amesimama mbele ya gari akila chungwa. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Mmoja wetu alipokanyaga breki kwa nguvu, mtoto akapiga kelele, "Mjomba, taa za mbele zinawaka!"

Tulidhani anacheza. Mzee hakudhani hivyo. Alitembea mpaka mbele, akaziba mwanga wa jua kwa kiganja, akaagiza breki ikanyagwe tena. Ndani ya zile taa ndogo za mbele palikuwa na uzi mwekundu unaong'aa kidogo sana, kila pedeli ilipoguswa. Akamshika mtoto kichwa, akasema, "Huyu ndiye fundi wenu."

Dada yetu alielewa kabla yetu sote. Umeme wa breki ulifika kwenye balbu ya nyuma, ukapita kwenye uzi wa wati 21, ukatafuta njia ya kurudi kupitia bodi, ukaikuta imezibwa. Basi ukafanya afanyavyo mtu aliyekuta mlango umefungwa: ukapenya kwenye uzi wa pili wa balbu ileile, ukaufuata waya mwekundu wa taa ndogo kinyumenyume mpaka mbele ya gari, ukapita kwenye balbu za mbele, ukapata ethi huko. Safari ndefu namna hiyo humaliza nguvu zote za umeme, na taa ya breki ikabaki na masazo. Ndiyo sababu pia usiku, taa ndogo zikiwa zimewashwa, kukanyaga breki kulipunguza mwanga badala ya kuuongeza.

Mzee hakuridhika na maelezo, alitaka kipimo. Aliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha holda ya taa, breki ikiwa imekanyagwa. Ethi ikiwa nzima, alisema, mita isome karibu na sifuri. Dada alisoma: volti 5 na zaidi. Karibu nusu ya nguvu ya betri ya volti 12 ilikuwa inapotelea pale, mahali ambapo taa inakutana na bodi. Kisha mzee akachukua kipande cha waya, akagusisha ncha moja kwenye chuma cha taa na nyingine kwenye chesisi iliyosuguliwa. Ukuta wa nyuma ya ua ukawa mwekundu. Tuliruka. Hatukuwa tumeuona mwanga ule tangu Idi.

Ikabaki kuifungua taa na kutazama. Skrubu zetu mpya zinazong'aa zilipotoka, tuliona chini yake rangi ya kijani, nzito, laini, ya kupendeza. Tulikuwa tumepaka rangi mpaka mahali ambapo taa inapaswa kugusa chuma kitupu. Siku ya kwanza skrubu ziliikwangua rangi kidogo zikafika kwenye bodi, na taa zikawaka. Lakini bodi ya Land Rover si chuma cha kawaida. Ni aloi ya alumini, kwa kuwa gari hilo lilipobuniwa Uingereza, mwaka 1948 likatoka, chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Alumini hailiwi na kutu nyekundu, lakini ikibanana na skrubu ya chuma penye unyevu na chumvi hutoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Hewa ya Tanga ni ya bahari. Miezi miwili ilitosha.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mzee naye hakutulaumu. Alichukua msasa, akaanza kuikwangua ile rangi taratibu, duara kwa duara, mpaka alumini ikang'aa. Kazi tuliyoifanya ili watu wautazame mgongo wa gari letu ndiyo iliyomnyima kijana yule kitu pekee alichohitaji kukiona kwenye mgongo huo.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Tulisugua sehemu zote za taa zinazogusa bodi, tukatumia washa zenye meno zinazouma chuma, na juu ya hayo tukavuta waya mweusi kutoka kwenye kila taa mpaka kwenye chesisi, ili taa isitegemee tena skrubu peke yake. Tukapaka grisi juu ya maungio kuzuia chumvi. Tukabadilisha swichi ya breki, tukatoa hewa kwenye mabomba, tukajaribu breki uani kabla ya barabarani. Gharama ya vitu vyote haikufikia nusu ya bei ya rangi.

Lakini lilikuwapo deni jingine. Tulikaa na mama usiku wa pili. Mmoja wetu alisema ukweli tunaujua sisi peke yetu. Kijana mwenyewe ameshaomba radhi, na watu wa Pongwe wameshahukumu. Hakulisema kwa ubaya. Aliliweka mezani ili tulione lilivyo. Mama alijibu, "Ameomba radhi kwa kosa lenu, nanyi mmeikubali. Mtalala nayo?"

Kesho yake tulikwenda kituoni tukaeleza tukio kama lilivyokuwa, pamoja na habari ya taa. Kisha tukaenda kwao kijana. Tulimkuta kibarazani, mkono umefungwa, baba yake pembeni akisuka ukili. Baada ya salamu na kujuliana hali tulisema tulilokuja nalo: kwamba hakukosea kusema hakutuona tukisimama, kwamba taa zetu zilikuwa hazionekani, kwamba tuliambiwa mara mbili na watu wawili tukapuuza, na kwamba pale barabarani tulisema alikuwa mbio ilhali hatukuwa na hakika hiyo. Tukasema matibabu ni juu yetu, matengenezo ya pikipiki ni juu yetu, na hesabu ya mwenye pikipiki kwa wiki zote 6 ni juu yetu, pamoja na riziki ya nyumba kwa siku hizo.

Kijana alitazama chini. Baba yake aliendelea kusuka kwa kitambo, kisha akasema, "Fedha tutapokea, maana tunazihitaji. Lakini mmemwondolea mwanangu jambo jingine. Tangu siku ile halali, anajiuliza macho yake yana nini."

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Tulidhani tumemvunja mkono tu. Kumbe mtu ukimwachia kosa ambalo si lake, huliamini, akaanza kujitilia shaka katika kile anachokitumia kupata chakula.

Tangu hapo tuna desturi ambayo tungependa familia nyingine zenye gari, liwe kuukuu au jipya, ziifuate. Gari halitoki uani kabla mtu mmoja hajasimama nyuma na mwingine hajakanyaga breki: kwanza pole, kisha kwa nguvu, kisha taa ndogo zikiwa zimewashwa, kisha indiketa. Anayesafiri peke yake na alirudishe gari karibu na ukuta mweupe, atazame mwanga kwenye kioo cha pembeni. Taa moja ikifa, tazama balbu. Zikifa zote kwa pamoja, tazama fyuzi na swichi. Zikififia, au taa nyingine ikafanya jambo la ajabu ukikanyaga breki, shuku ethi kabla ya kununua chochote. Na mtu akikwambia barabarani kwamba taa yako haionekani, usimjibu kwa ahadi. Simama. Yeye ndiye mwenye macho huko nyuma, na amekufanyia hisani. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 16 kwa sekunde moja. Sekunde moja ya kuona mapema au kuchelewa ndiyo inayoamua kama mtu atafika kwake.

Wiki 6 zilipotimia, kijana alikuja Ngamiani kwa pikipiki yake iliyotengenezwa. Tulimkaribisha ndani, mama akamtayarishia chai. Alipomaliza alisimama, akakuna shingo kwa haya, akauliza kama anaweza kuona gari.

Tulitoka naye. Mmoja wetu akaingia akafungua swichi. Kijana hakusubiri kuelekezwa. Alikwenda nyuma, akasogea mbali kidogo, umbali wa pikipiki inayofuata gari, akasimama na mkono wake wa kulia bado mwembamba kwa kufungwa muda mrefu. Breki ikakanyagwa pole, kama tulivyokanyaga siku ile kwa ajili ya mbuzi.

"Naona mnasimama," alisema.